Foklifti Iliyomeza Hewa Kupita Kiasi

Ukelele ule Gilberte Lagasse aliusikia akiwa amelala chini ya lori, spana mkononi. Mwanzoni alidhani msumeno umekutana na gogo lenye msumari ndani, maana katika kiwanda cha mbao vyuma hulia kuliko watu. Kisha misumeno yote ikazimwa kwa mpigo mmoja, na ukelele ukaendelea peke yake. Ndipo akajua kuwa ni mtu, na kabla hajasimama sawasawa akawa ameshajua ni mtu gani. Alikuwa Normand, mdogo wake wa tumbo moja.

Alitoka mbio bila koti. Kule Maine ya kaskazini, Marekani, ambako ukivuka mto tu uko Kanada, kutoka bila koti katika majira ya baridi ni wazimu, lakini hakuhisi kitu. Kwenye mteremko wa kupandia tanuri la kukaushia mbao, foklifti kubwa ya dizeli, ya kunyanyulia mbao kwa uma zake za chuma, ile mpya ya njano, ilikuwa imesimama mshazari, mbao zimemwagika mbele yake. Normand alikuwa nyuma yake, chali, na gurudumu limeukalia mguu wake wa kulia. Dereva, Rosaire Guerrette, alikuwa amepiga magoti akichimba theluji kwa mikono mitupu, kucha zinamtoka damu.

"Iliishiwa nguvu," alikuwa akisema, bila kumtazama yeyote. "Nimekanyaga mafuta, ikaishiwa nguvu. Ikarudi nyuma. Nimekanyaga, ikaishiwa nguvu."

Gilberte alikuwa ameduwaa, anautazama mguu ule, na akili yake ilikataa katakata kukubali kwamba kilichomo ndani ya buti lile ni cha ndugu yake. Jioni hospitali waliukata, juu kidogo ya kifundo.

Kiwanda kile kilikuwa cha Bwana Dufour, na Gilberte alikuwa fundi wake wa mitambo tangu enzi ambazo wanaume wa bonde lile waliamini mwanamke akishika spana injini inapata nuksi. Dizeli alifundishwa na baba yake, mkulima wa viazi ambaye hakuwa na pesa ya fundi wala mtoto wa kiume mwenye akili ya mashine. Mtoto wa kiume alikuwepo, ndiye Normand, ila huyo alipenda watu kuliko vyuma. Ukimpa injini anaipiga teke; ukimpa watu wavivu anawapangia kazi na wanaifanya huku wakicheka. Ndiyo maana yeye akawa msimamizi wa uwanja wa mbao na dada yake akabaki na grisi. Mume wa Gilberte, Alcide, alifariki mapema kwa ugonjwa wa ini, naye hakuolewa tena. Wakimuuliza sababu, husema kitanda chake hakitoshi mwanamume na vitabu vya injini kwa pamoja.

Kitu kilichomfanya aogopwe kilikuwa kufuli lake jekundu. Mashine akiitilia shaka, huzima swichi kuu ya betri na kuifunga kwa kufuli lile, na hapo hata Bwana Dufour mwenyewe haigusi. Ndiyo sheria ya viwanda vya huko: kufuli la fundi hufunguliwa na fundi aliyelifunga, basi. Madereva walilichukia kufuli hilo kuliko baridi yenyewe.

Siku ile ya ajali foklifti ilikokotwa hadi karakana yenye joto, na Gilberte akaichomekea kipimo cha kompyuta. Kompyuta ya injini ilikuwa na neno moja tu la kusema: presha ya turbo imezidi. Turbo ni feni ya chuma inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nayo huisukumia injini hewa ili ipate nguvu. Hewa hiyo ikizidi, injini inaweza kupasuka. Kwa hiyo kuna kilango cha kupunguzia moshi, na kinachokifungua ni presha inayopita katika mpira mwembamba, usiozidi unene wa kidole. Kilango kikigoma kufunguka, turbo hukimbia kama mwehu, na kompyuta kwa woga wake huikata injini nguvu papo hapo. Hivyo ndivyo ilivyotokea mlimani, mzigo ukiwa juu na Normand akipita nyuma.

Sasa, hakuna mwenye pikapu ya dizeli katika bonde lile asiyeujua mpira ule. Wale wa mashindano ya kuvuta mizigo, kwenye maonyesho ya kilimo ya mwezi wa nane, huuziba makusudi kwa skrubu ili kilango kisifunguke na turbo isukume hadi mwisho. Na bingwa wa mashindano hayo, miaka nenda rudi, ni nani kama si Rosaire Guerrette? Maneno yalianza kabla damu haijakauka kwenye theluji.

"Mimi nilijua tu," alisema mtu mmoja wa kwenye misumeno, chumba cha kahawa kimejaa. "Rosaire hawezi kuiona turbo akaiacha na adabu yake."

"Foklifti ya watu kaigeuza pikapu ya mashindano!"

"Na zawadi kaipata. Mguu wa Normand. Akautundike ukutani sasa."

Watu hawakucheka. Walikuwa wameshtuka mno, na mtu aliyeshtuka hutafuta wa kumtupia. Bwana Dufour alimsimamisha Rosaire kazi siku hiyohiyo. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba Rosaire hakujitetea hata kwa neno moja. Alirudia lile lile la kuishiwa nguvu, akavua kofia ya chuma, akaenda zake. Kimya chake kikahesabiwa kuwa ndiyo kukiri kwenyewe.

"Nipe ushahidi, Gilberte," Bwana Dufour alimwambia. "Ukinipa, namfukuza, na hakuna kiwanda mto huu mzima kitakachompa hata ufagio."

"Nitakupa," alijibu Gilberte.

Na alimaanisha. Alimchukia Rosaire kwa moyo wake wote, tena chuki hiyo ilimfaa, maana ilimpa kitu cha kushika badala ya kukaa anauwaza mguu.

Akaanza na mpira. Aliutafuta msumari, skrubu, hata mkwaruzo wa bisibisi kwenye vibano vyake. Hakuna. Akakipulizia kilango hewa kwa pampu ya mkono, na kifimbo cha kukifungulia kikasogea hadi pale kinapotakiwa, laini, bila kukwama. Akafunga geji yake mwenyewe ya presha pembeni ya kihisio cha injini, kile kinachoipa kompyuta habari za presha, kuona kama kinadanganya. Vyote viwili vikasema namba ileile. Akaiwasha injini, akailazimisha kuvuta huku breki zimekamata, huku akiikodolea geji macho. Presha ilipanda, ikafika mahali pake, ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Alirudia kesho yake, na kesho yake tena. Foklifti ilikuwa nzima. Gilberte alijiona kama mtu aliyeibiwa.

Kila jioni Jeannine, mke wa Normand, alimpigia simu.

"Umempata?"

"Bado, wifi."

"Bado nini? Wote tunajua. Wewe andika tu kwamba umeona!"

"Siandiki nisichokiona, Jeannine."

Bwana Dufour naye alikuja na jibu lake la haraka. "Basi alichomoa hiyo skrubu kabla hujafika."

"Saa ngapi?" Gilberte alifoka. "Nilimkuta amepiga magoti anamchimbua ndugu yangu kwa kucha. Alichomoa kwa meno?"

Maneno yake mwenyewe yalimshtua. Hakutarajia kujisikia akimtetea mtu yule.

Kilichomfumbua macho kilikuwa kitu cha kipuuzi kabisa. Jumamosi aliliosha gari lake, na Jumapili asubuhi, anataka kwenda misani, mlango ukagoma kufunguka. Maji yalikuwa yameingia kwenye kitasa na kuganda. Alikuwa anakitukana kitasa hicho kwa Kifaransa cha baba yake, ufunguo mkononi, mara maneno yakamkatikia mdomoni. Alisimama pale kwenye baridi, mdomo wazi, hadi jirani akadhani kapata kiharusi.

Tangu lini fundi wa kaskazini akapima mashine nje? Baridi ikiwa ile ya kukausha kamasi puani, mgonjwa huletwa ndani kwenye joto. Ndiyo desturi, na hakuna mwenye akili anayeipinga. Kumbe yeye alikuwa anamhoji mgonjwa mahali ambapo haumwi. Kama ugonjwa wenyewe ni barafu, basi kila alipoiingiza karakana aliuponya kabla hajaupima. Misani hakwenda.

Foklifti nyingine za kiwanda hulala nje, zimechomekwa kwenye umeme ili injini zisigande. Ile mpya peke yake ndiyo ililala ndani, kwenye banda la kuoshea malori lenye joto na mvuke, kwa amri ya Normand aliyeipenda mno hata hakutaka theluji iiguse. Basi Gilberte akairudisha kwenye banda lile ilale. Jumatatu alfajiri aliitoa nje mwenyewe. Alipitisha kipaipu cha geji yake hadi ndani ya chumba cha dereva, akainua mzigo wa mbao mbichi, akawafukuza watu wote kwenye mteremko wa tanuri. Kisha akapanda.

Mara ya kwanza, salama. Mara ya pili, salama. Alianza kujiona mjinga. Alipopanda tena, sindano ya geji ilipofika mahali pake haikusimama. Iliendelea. Ikapita alama, ikapita na ile nyekundu, turbo ikipiga mluzi mwembamba ambao hajawahi kuusikia kwenye mashine ile, kisha taa ya njano ya onyo ikawaka na injini ikanywea chini ya mguu wake. Alikanyaga mafuta, hakuna. Foklifti ilisita, ikaanza kurudi nyuma juu ya barafu.

"Imeishiwa nguvu!" alipiga kelele peke yake mle ndani, akashusha mzigo chini kwa kishindo ili uma ziing'ang'anie ardhi. Mashine ikasimama. Maneno yaliyomtoka yalikuwa ya Rosaire, neno kwa neno.

Alipoweza kushuka alizima injini, akauchomoa ule mpira mwembamba, akaupuliza. Hewa haikupita. Akaubinyabinya, na katikati ulikuwa mgumu kama mfupa. Akaupasua kwa kisu, na kipande cha barafu kikamdondokea kwenye glavu, chembamba, kimelala pale pale mpira ulipokuwa umelegea na kufanya tumbo. Unyevu wa bandani ulikusanyika katika tumbo lile usiku, asubuhi ukaganda, ukaziba njia. Kilango hakikupata presha ya kukifungua. Hakuna skrubu, hakuna pikapu ya mashindano, hakuna Rosaire.

Kisha akakumbuka ni nani aliyeufunga mpira ule. Ni yeye. Ule wa awali ulichubuka msimu wa kuvuna viazi, kabla ya baridi, akakata mwingine kutoka kwenye bunda lake, akauacha mrefu kidogo ili mtikisiko usiuchomoe. Kiangazi tumbo kama hilo halimdhuru mtu. Gilberte alikaa kwenye theluji, pale pale alipokuwa amelala ndugu yake. Alikuwa ameshinda wiki nzima anamtafuta mwenye kosa, kumbe anatembea naye.

Bado hakuwa amemaliza kushtuka. Alipokwenda kuifungia mashine kufuli lake aliiona nati ya waya wa betri. Ilikuwa inang'aa, pembe zake zimelika kwa spana isiyoienea. Spana za Gilberte hazina tabia hiyo. Mtu alikuwa akiifungua nati ile mara kwa mara, na kwenye mashine ile sababu ni moja tu: ukiitoa betri kwa dakika chache, kompyuta husahau na taa ya njano huzimika. Kwa hiyo taa ilishawaka kabla ya ajali, tena si mara moja. Kuna mtu aliiona, akaizima, na hakumwambia fundi.

Jioni alikwenda kwa Normand, aliyekwisharuhusiwa kutoka hospitali. Alimkuta kando ya jiko la kuni, kisiki cha mguu kikiwa juu ya mto wa kulalia, Jeannine akipanga mezani ploye za moto, zile chapati nyembamba za vitundu wanazozipaka siagi na nyama ya kusaga. Gilberte hakuvua koti. Alianza na dhambi yake, kwa sababu aliona asipoanza nayo hataisema.

"Mdogo wangu, mpira wa turbo niliufunga vibaya. Ulishika maji yakaganda. Mguu wako nimeuondoa mimi."

Jeannine aliweka mkono mdomoni.

"Na kuna lingine. Kuna mtu alikuwa anafungua betri kuzima taa. Nati imelika. Nataka kujua ni—"

"Si ni huyo huyo Rosaire!" Jeannine alidakia. "Nani mwingine?"

"Ni mimi," alisema Normand.

Wote wawili walimgeukia. Gilberte alidhani hakusikia vizuri.

"Wewe nini?"

"Betri. Nilikuwa naifungua mimi, asubuhi, kabla hujafika. Taa inazimika, mashine inafanya kazi kwa kuchechemea mpaka jua liipate, halafu inapona yenyewe. Nikasema, taa tu hiyo."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Kabla ya Kris— Normand! Nipo pale pale! Karakana yangu ni hatua chache tu! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeifungia kufuli," alisema. "Dufour angeirudisha kwa waliotuuzia, na mbao zingelala uwanjani mpaka theluji iyeyuke na barabara igeuke tope. Nilitaka msimu uishe tu, dada. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Wangu hata hiyo tende haukuiwahi."

Alijaribu kucheka, na kicheko hicho kilimtisha Gilberte kuliko ukelele wa siku ile.

"Na Rosaire je?"

Normand alilitazama jiko. "Watu wamesema wenyewe. Mimi sikumtaja."

"Hukumtaja! Ulinyamaza, mwanaharamu we! Mtu anafukuzwa kazi, watoto wake wanazomewa shuleni, na wewe umelala unajua!"

"Mguu nimebaki na mmoja," alisema Normand. "Kilichosalia ni jina langu jema. Nawe unalitaka? Unataka nibaki na nini?"

Gilberte alitoka, akamwacha Jeannine amekaa sakafuni kabisa, mgongo kwenye mguu wa meza, macho yamemtoka. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema, lakini hakuna anayekwambia kilio kikimuumbua ndugu yako wewe usimame wapi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Rosaire. Alimkuta nje anapasua kuni chini ya taa ya barazani, na vidole vyake bado vina plasta.

"Rosaire, si wewe," alisema. "Ilikuwa barafu. Mpira nilifunga mimi, na taa alikuwa anaizima Normand."

Rosaire aliweka gogo jingine, akalipasua. "Najua ya taa," alisema.

"Unajua?"

"Nani alikuwa anaendesha, dada? Kila asubuhi namwambia, 'Normand, taa hii imewaka tena.' Ananiambia, 'Panda, nitaizima.' Napanda."

Gilberte alikaa kwenye gogo la kupasulia. "Na umenyamaza? Wanakutukana mji mzima! Ungesema neno moja tu!"

"Kwa nani? Kwa mtu aliyelala hospitali hana mguu? Niende nimwambie, pole Normand, halafu kosa lako mwenyewe?" Alilichomeka shoka kwenye theluji. "Nilijua mashine inaumwa, nikaipandisha na mzigo. Usukanini nilikuwa mimi. Ukelele wake nikilala nausikia, nikiamka nausikia. Waache wanifukuze. Mimi nina mikono miwili na miguu miwili. Usiseme, dada. Nakuomba."

Wiki nzima Gilberte alikuwa amemchukia mtu huyu. Aliona aibu hata ya kumtazama usoni.

"Siwezi kukuahidi," alisema.

Akiwa ndani ya gari alimpigia simu Normand, akamsimulia yote, hata lile la mikono miwili na miguu miwili. Kisha simu ikakatwa.

Kesho yake, saa ya kahawa ya asubuhi, Bwana Dufour, aliyechoka kungoja ushahidi, alimwita Rosaire aje achukue vitu vyake, na akaona vyema amfukuze mbele ya watu, ili iwe funzo. Chumba kilijaa. Rosaire alisimama karibu na makabati, mfuko wa plastiki mkononi. Gilberte alipenya, akautupa mezani mpira uliopasuliwa.

"Kabla hujamfukuza mtu, nifukuze mimi," alisema. "Mpira huu niliufunga mimi. Ulifanya tumbo, ukashika maji, yakaganda, turbo ikameza hewa kupita kiasi. Jana imenifanyia mimi mwenyewe, mlima ule ule. Hakuna aliyeuchezea."

Bwana Dufour aliushika mpira, akaugeuzageuza. Hakuwa mjinga.

"Maji kuganda si ya siku moja," alisema. "Lazima taa ilishawaka kabla. Nani alikuwa anaizima?"

Gilberte alimtazama Rosaire. Rosaire alikuwa anatikisa kichwa polepole, anamwomba kwa macho. Aliwaza mto ule ulio chini ya kisiki, aliwaza baba yao, akawaza namna watu wa chumba kile walivyokuwa wakimpenda Normand.

"Normand," alisema.

Chumba kililipuka. Mtu alipiga meza kikombe kikaruka. "Mwanamke huyu kaingiwa na wazimu! Unamsingizia kilema, ndugu yako wa damu?"

"Hanisingizii."

Wote waligeuka. Normand alikuwa amesimama mlangoni kwa magongo, uso mweupe kama karatasi, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini, na Jeannine nyuma yake analia waziwazi. Theluji ilikuwa inaingia na hakuna aliyekumbuka kufunga mlango.

"Taa nilizima mimi," alisema. "Rosaire alikuwa ananiambia kila siku, nami namlazimisha apande. Kisha nikawaacha mseme. Niliwasikia mkisema, mkija kunipa pole mnamtukana mbele yangu, nikawaacha. Mnitazame vizuri. Ni mimi."

Walimtazama, hawakujua wafanye nini na nyuso zao. Yule aliyetania habari ya zawadi aliinamisha kichwa. Gongo moja la Normand lilikuwa limeanza kuteleza juu ya maji ya theluji sakafuni.

Aliyemfikia kwanza alikuwa Rosaire. Alitupa mfuko wake, akamdaka kwapani, akavuta kiti kwa mguu.

"Nani kakwambia utoke kitandani?" alimfokea, na machozi yanamtoka. "Nani kakuomba? Kaa chini, mpumbavu wewe, kabla hujavunja na huo mwingine!"

Normand alikaa. Alilishika koti la Rosaire na hakuliachia.

"Rosaire," Bwana Dufour alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Kesho asubuhi urudi kazini."

"Keshokutwa," alijibu Rosaire, bila kugeuka. "Kesho nina kazi. Nyumba ya huyu ina ngazi za mbao zimejaa barafu, sijui mmemteremshaje, na hakuna hata mmoja wenu aliyefikiria kumjengea mteremko wa mbao wa kupitia."

"Mbao nitatoa mimi," alisema Gilberte. Kisha akaenda kufunga mlango.